Mwaka Niliomshikia Mjomba Kiberiti

Binamu yangu Samweli tulimzika Werugha mwezi uliopita, asubuhi yenye ukungu mzito hata kasisi akawa anawahubiria watu asiowaona. Baada ya mazishi tuliingia sebuleni kwake, tukapewa chai ya maziwa na viazi vitamu, na binti yake Malemba, ambaye ni mwalimu kule Bomeni, akawa anawaeleza wageni jinsi baba yake alivyoondoka. "Baba hakuwa na bahati," alisema. "Miaka kumi anapigana na kifua. Tukadhani kifua ndicho kitakachomwondoa. Kumbe kiharusi kinamjia kutoka upande mwingine kabisa." Nilikuwa nimekaa pembeni na kikombe changu, sikukusudia kusema neno, lakini mdomo wangu hauna mlango. "Hakikutoka upande mwingine," nikasema. "Kimekuja kwa njia ile ile." Watu wakageuka. Nilikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na tano, na huku milimani wamezoea kufokewa nami, kwa hiyo hakuna aliyekasirika. Malemba akasema, "Basi tueleze, Shangazi."

Nikawaeleza. Niliwaambia kwamba pafu lililochomwa na moshi na vumbi kwa miaka mingi halitulii. Linawaka ndani kwa ndani, na ule uwakaji haubaki kifuani, unaingia kwenye damu na kusafiri nayo. Popote damu inapopita, kuta za mishipa zinakakamaa na njia inakuwa nyembamba, mpaka siku moja mshipa wa moyo, au wa ubongo, au wa mguu, unaziba. Ndiyo maana daktari mwenye akili akikuta pumzi yako fupi hukupima na presha, na akikukuta na mishipa mibovu atakuuliza kama unapanda mlima bila kuhema. Wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akauliza nimeyasomea wapi hayo, nikamjibu kwamba chuoni. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Chuoni nilifundishwa majina yake tu. Jambo lenyewe nilifundishwa na dresa mmoja, mhudumu wa zahanati, kwenye shamba la mkonge karibu na Voi, katikati ya miaka ya hamsini, na aliyelipia somo lile ni baba yake huyo huyo Samweli tuliyetoka kumfukia. Hilo sikulisema mbele ya wageni. Nalisema hapa.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Mjomba wangu Mwakisha, kaka yake mama, alikuwa mtu wa mashine kwenye shamba lile, na aliposikia zahanati ya shamba inatafuta msichana anayejua kusoma na kuandika, wa kuhudumia akina mama na watoto, akatuma neno nishuke. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari ya wakoloni, na pale stesheni ya Voi askari alimwuliza kila mtu kipande chake, yaani kitambulisho, lakini mimi niliteremka na lori la mboga kutoka milimani, nikiwa nimekalia gunia la kabichi, wala hakuna aliyeniuliza kitu. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa safu, mabati juu na mabati kando, nasi tuliziita laini. Chumba cha Mjomba kilikuwa kimoja kirefu, kimekatwa katikati kwa pazia la magunia yaliyoshonwa. Upande wa ndani alilala yeye na mkewe na Samweli, aliyekuwa na miaka minne. Upande wa mlangoni nililala mimi, pamoja na mafiga na kuku wawili. Mkewe watu wote walimwita Mama Samweli. Mimi nilimwita Mama, naye aliitika kama aliyenizaa.

Kwa ukuta wa mabati husikii jirani tu, unaishi naye. Alfajiri, kabla ya kengele ya kazi, wanaume wa chumba cha brashi walianza kukohoa, na walikohoa kwa zamu kana kwamba wamepangwa: kwanza Ochieng' wa nyumba ya kwanza, halafu Musyoka, Mkamba jirani yetu, halafu Mjomba. Mama alitumia vile vikohozi kama saa. Nikimwamsha mapema alijifunika tena na kusema, "Niache, Musyoka bado." Tulicheka, na kwa kweli nilicheka hivyo kwa miezi miwili mizima, mimi niliyekuja kuuguza watu. Hakuna aliyeona kikohozi kile kuwa ugonjwa. Kilikuwa sauti ya kazi, na mwanamume wa brashi asiyekohoa aliulizwa kama kweli anafanya kazi au anajificha.

Brashi ndipo mkonge unapomalizikia. Majani yakishasagwa na singa, nyuzi zake, zikaanikwa juani mpaka zikawa nyeupe, huletwa ndani ya chumba kile na kushikizwa kwenye mashine inayozunguka, inayozichana na kuzing'arisha kabla hazijafungwa marobota. Kinachochanwa kinaruka. Nilimpelekea Mjomba chakula siku moja nikasimama mlangoni, sikuona mashine wala mtu. Niliona weupe, na ndani ya weupe sauti. Wakatoka nje kula, kope zao nyeupe kama za watu waliomwagiwa unga, vitambaa vimefungwa puani. Na kitu cha kwanza walichofanya kabla ya kunawa ni kuwasha sigara. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Waliamini moshi unakata vumbi: moshi ni mkali, vumbi ni laini, basi moshi unalifukuza. Walioishiwa sigara waliviringisha tumbaku kwenye kipande cha gazeti wakapokezana. Baada ya moshi yalifuata maziwa lala, kikombe kimoja kwa mkupuo, ya kuteremsha kilichobaki. Mjomba alikuwa fundi wa mambo hayo, na kijana mpya akiingia brashi yeye ndiye aliyempa sigara yake ya kwanza. "Vuta, usije ukafa na mavumbi," alimwambia. Alimpa kwa upendo, na ndiyo maana hata leo siwezi kumchukia kwa hilo.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili vilivyopakwa chokaa, na dresa wetu aliitwa Barasa, mtu wa Kakamega, mrefu, mchache wa maneno. Watu walimwita daktari, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu. Mtu akija na kikohozi, Barasa alimsikiliza kifua, kisha akamwambia avue viatu, akainama na kuweka vidole viwili juu ya mguu, kati ya kidole gumba na kifundo, akafumba macho. Watu wa laini walisema anatafuta funza. Ilikuwa fedheha kubwa kusemwa una funza, kwa hiyo wanaume walisugua miguu kwa sabuni na jiwe kabla ya kwenda kutibiwa kifua. Maajabu! Siku moja aliniita, wanaume wawili wamekaa mbele yake bila viatu. "Wewe Wakesho, shika hapa. Unasikia?" Nikasema nasikia, mshipa unapiga. "Sasa shika kwa huyu." Nikashika nikatafuta, sikusikia kitu. Mguu ulikuwa baridi, na nywele zimepukutika. "Na huyu ndiye anayekohoa kuliko mwenzake," Barasa akasema. "Kila mara naona hivyo. Kifua kikiharibika, nenda kaulize miguu. Mapafu na mishipa ya damu wanakula sahani moja." Nikamwuliza kama hayo yameandikwa vitabuni. Akasema, "Sijaviona vitabu hivyo. Nimeona miguu."

Kuanzia siku ile nilianza kumtazama Mjomba. Kutoka kiwandani mpaka laini ni mwendo mfupi, mtu mzima hata hamalizi wimbo, na njia yote ni tambarare. Mjomba aliukata mara tatu. Mara ya kwanza alisimama kumsalimia mtu. Mara ya pili alisimama kuangalia milima, kama mtu anayekisia mvua, hata wakati wa kiangazi cha kukausha visima. Mara ya tatu aliinama kufunga kiatu. Nikamwambia, "Mjomba, akala za tairi hazina kamba." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Ala! Wewe mtoto una macho ya polisi." Alisimama pale akihema, mkono mmoja kwenye shavu la mguu wa kushoto, na baada ya kitambo kidogo maumivu yakaisha akaendelea kutembea kama kawaida. Nikamwomba aje kwa Barasa apimwe. Akasema hana funza.

Kisha ukaja uvumi. Barasa alikuwa ameomba kwa meneja ruhusa ya kuwapima wanaume wote wa brashi, pumzi na miguu, na kumtoa brashi kila atakayekutwa mbovu. Huo ndio uliokuwa ukweli, lakini ulipofika laini ulikuwa umeota pembe: atakayeshindwa atarudishwa kwao, na nyumba apewe mwingine. Mimi nilikuwa karibu na Barasa kila siku, watu wakaniuliza, na sikujua. Nilipomwuliza yeye, akasema, "Meneja hajakubali nitakalo juu ya watakaoshindwa. Siwezi kuwaahidi watu kitu ambacho sinacho mkononi." Alikuwa mwaminifu mno, na uaminifu ule ulitugharimu. Alfajiri moja, nikiwa nakoka moto, nilisikia Mama akisema nyuma ya pazia, "Tukirudishwa Werugha utaishi vipi? Kutoka mtoni mpaka mlangoni ni mlima mtupu. Kuna siku utakaa njiani, usiende juu wala chini." Nilimsikia Mjomba akihema.

Na ilikuwa kweli. Asiyewajua Wataita atasema mgonjwa na arudi kwao, akalime, ale mboga, avute hewa safi. Kwao ni ngazi tupu. Shamba ni ngazi, kisima ni ngazi, kanisa ni ngazi. Mtu mwenye pumzi ya Mjomba angeweza kuishi mahali pamoja tu, nchi tambarare ya Voi, kwenye vumbi lile lile lililokuwa likimmaliza. Jumapili mchana, Mama alipokwenda kanisani na mtoto, Mjomba alikuja akakaa karibu na mafiga. Nilishtuka. Kwetu mwanamume hakai mafigani. Akihitaji moto wa sigara huletewa kaa. "Wakesho," akasema, "hicho kipimo cha daktari ni kipi hasa?" Nikamwambia. Barasa alionyeshwa na daktari mmoja wa Mombasa: unawasha njiti ya kiberiti, unaishika mbali na mdomo wa mtu kiasi cha shibiri moja, naye anaizima kwa kupuliza mdomo ukiwa wazi kabisa, bila kukunja midomo. Mwenye kifua kizima anaizima. Mwenye kifua kibovu anapuliza mpaka machozi yamtoke, na moto unamtazama. "Hebu tujaribu," akasema. Tukajaribu njiti sita. Hakuzima hata moja.

Akaniangalia, na yule mtu mcheshi hakuwepo usoni mwake. "Mwanangu, nisaidie," akasema. Hapo ndipo ilipokuwa ncha ya mambo yote. Mjomba kwetu hakataliwi. Kaka wa mama ana neno juu yako kuliko hata baba, na baraka yake au laana yake hukufuata mpaka nyumba utakayoolewa. Lakini sitaki kujificha nyuma ya mila. Nilimpenda, nikamwonea huruma, na niliogopa kumwona akipakiwa kwenye lori na magodoro yake. Kwa hiyo nilimfundisha kitu ambacho kila msichana wa milimani anakijua akiwa na miaka mitano na ambacho mwanamume wetu hajui mpaka anazikwa: kupuliza moto. Usivute pumzi nyingi. Kunja midomo, acha tundu dogo. Usipulize mwali, puliza shina lake. Alijaribu, akashindwa, akatema mate kwenye majivu, tukacheka kama wendawazimu. "Loo, nimezeeka, ndipo nafundishwa upishi!" Ilipofika saa ya watu kutoka kanisani alikuwa akizima tatu katika nne.

Jumamosi iliyofuata mashine zilisimamishwa, wanaume wakapanga foleni nje ya zahanati, miguu yote imesuguliwa inang'aa. Barasa alinipa kiberiti. "Mimi nitakuwa chini na miguu yao," akasema, "siwezi kuona midomo. Wewe ndiye macho yangu. Mdomo uwe wazi kama wa anayepiga mwayo. Akikunja, arudie." Wakaingia mmoja mmoja, wakakaa juu ya meza miguu ikining'inia, Barasa akichuchumaa na macho amefumba, mimi nimesimama na njiti. Ochieng' alishindwa. Musyoka alishindwa, akanisihi kwa macho, nikasema kwa sauti, "Haujazima." Akaingia Mjomba. Niliwasha njiti. Nilimwona akikunja midomo, tundu dogo kabisa, kama nilivyomfundisha. Moto ukatoweka. "Umezima?" Barasa akauliza kutoka chini. "Umezima," nikasema.

Barasa hakuinuka upesi. Alikaa na mguu wa kushoto wa Mjomba muda mrefu, akahamisha vidole, akarudisha. "Mzee, mguu huu uliwahi kuumia?" akauliza. Mjomba akasema ndiyo, troli la mkonge liliwahi kumkanyaga. Lilimkanyaga kweli, ila ulikuwa mguu wa kulia, na mimi nililijua hilo tangu utotoni. Barasa akanitazama, nikatazama ukutani. Akaandika, akasema, "Kifua kizuri. Nenda, Mzee."

Jumatatu wakaitwa walioshindwa, wanne. Wake zao walikuja wakilia, mmoja akiwa tayari amefunga mizigo. Barasa akawasomea karatasi ya meneja: wote wanne wanatolewa brashi, wanapelekwa uwanja wa kuanika singa, kazi ya nje kwenye hewa, na nyumba zao wanabaki nazo. Meneja alikuwa amekubali hayo Jumamosi jioni, baada ya vipimo. Wale wanne wenyewe hawakushukuru, kwa sababu kuanika ilikuwa kazi ya wanawake, na Musyoka alisema afadhali kukohoa kama mwanamume kuliko kutundika singa pamoja na mama mkwe wake. Lakini walikwenda. Mjomba alipewa mashine ya Musyoka, na baada ya wiki mbili akafanywa nyapara wa brashi, kwa kuwa kati ya wakongwe wote ni yeye pekee aliyekuwa na kifua kizuri.

Nilikuwa nimemfuata Jumatatu ile ile nyuma ya nyumba. "Mjomba, twende ukamwambie Barasa. Utaanika tu, hutafukuzwa." Akaniambia, "Nikamwambie nini? Kwamba nilimdanganya na mpwa wangu akaniitikia? Wewe ndiye utakayefukuzwa kwanza." Nikasema sijali. "Mimi najali," akasema. "Wacha. Na usimwambie mtu, hata mkaza mjomba wako." Alisema hivyo kwa ajili yangu, naamini. Lakini unyapara nao, ulipokuja, ulimkaa vizuri begani. Tangu hapo nikawa naacha chakula sahanini. Nilijua ninachopaswa kufanya, na kila asubuhi niliahirisha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema humfanya nini yule anayemsaidia kuficha.

Mvua zilipoanza, mguu wake wa kushoto ukawa baridi hata akiwa amelala. Mama akawa anachoma jiwe motoni, analifunga kwa kitambaa, anamwekea nyayoni. Alifanya hivyo kila jioni, kwa mapenzi, wakizungumza habari za ng'ombe wao wa Werugha, na Mjomba hakusikia kwamba jiwe linamchoma. Mguu usiopata damu hausikii. Likatoka lengelenge kwenye kidole kidogo, likapasuka, halikupona. Mama alilipaka mafuta. Nilipofunua kitambaa siku moja mchana na kuona kidole kimekuwa cheusi kama mkaa, sikungoja tena ruhusa ya mtu. Nilimshika mkono nikampeleka zahanati, na njiani alisimama mara saba.

Barasa alikitazama kidole, akatafuta mshipa juu ya mguu, akautafuta nyuma ya goti. Ndipo nikamwambia. Nilisema yote, mbele ya Mjomba, midomo iliyokunjwa, troli, na kwamba nilimfundisha mwenyewe. Mjomba alifunika uso. Barasa alikwenda akakaa kwenye benchi la wagonjwa, kama mgonjwa anayesubiri zamu. "Mshipa uliniambia ukweli," akasema. "Niliushika kwa vidole vyangu mwenyewe, haukuwepo. Lakini kifua kikasema ni kizima. Nikajiambia, kifua kizima hakikai na mishipa mibovu namna hii. Basi ni troli. Nimeuamini mdomo wako kuliko vidole vyangu." Nilitamani anipige. Nikamwuliza kama atanifukuza. "Nikufukuze, nani atashika kiberiti?" akasema. "Jumamosi tunaanza upya."

Mjomba alipelekwa Mombasa kwa treni, na mguu ukakatwa juu ya goti. Siku alizokuwa huko nilipima wanaume wote wa brashi tena, na niligundua kwamba upuliziaji wa mafigani ulikuwa umeenea laini nzima. Wake walikuwa wamewafundisha waume zao ili wasipelekwe kwa wanawake uwanjani. Nilitazama kila mdomo. Aliyekunja alirudia, na aliyerudia akashindwa alinihesabu kuwa adui yake. Mama mmoja alinimwagia maji machafu mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kujua bei ya kumwambia mtu anachotaka kusikia. Barasa vilevile alipiga marufuku sigara ya mlangoni pa brashi, na hilo lilileta kelele kuliko kiberiti; wengine walimtii, wengine walizunguka nyuma ya ukuta.

Barasa alimwomba meneja, na Mjomba akaachiwa nyumba mpaka mwisho wa mwaka. Alirudi na magongo, amekonda, bado ana maneno. Alimwambia Samweli kwamba mguu wake mwingine uko Mombasa unafanya kazi bandarini. Mtoto aliamini. Mimi na yeye hatukuzungumza tena juu ya lile jambo, ila mara moja aliniwekea mkono kichwani nikiwa napepeta mchele, akaniambia nisome, niende chuo, Barasa amesema ataniandikia barua. Karibu na Krismasi, Jumapili moja baada ya kula, alisema anahisi kama mtu amemkalia kifuani. Tulipomlaza alikuwa ameshaondoka. Barasa alikuja akashika shingo, akashika kifundo cha mkono, na akasema neno moja, "Moyo."

Baada ya matanga, Mama alikuwa akikunja nguo tayari kwa safari ya kurudi Werugha, mchana, mlango uko wazi. Sikuweza kumwacha apande lori lile bila kujua. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia kwamba mumewe hakukipita kipimo, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kudanganya, na kwamba kama si mimi angekuwa uwanjani anatundika singa, mzima na miguu yake miwili. Nililia mpaka sauti ikakatika. Yeye aliendelea kukunja. "Najua," akasema. Nikamwuliza kama Mjomba alimwambia. "Aniambie nini? Mimi ndiye niliyemtuma kwako. Yeye alitaka kwenda kwa daktari aseme ukweli. Alisema amechoka, kama ni kurudi milimani na turudi, atapanda kidogo kidogo. Mimi nikakataa. Niliona nitabeba maji, nitabeba kuni, na yeye nitambeba. Nikamwambia, nenda kwa mpwa wako wakati mimi niko kanisani, hatakunyima, wala asijue kwamba ni mimi niliyekutuma."

Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza nilimkasirikia mtu niliyekuwa nikimwita mama. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza miezi yote ile, akiniona nimekonda, siwezi kumeza chakula alichonipakulia kwa mikono yake. Aliweka chini ile nguo ya mtoto.

"Kwa sababu ulipokuwa unajilaumu wewe," akasema, "mimi nilipata usingizi."